Muziki katika Sinema: Historia Yake na Nguvu Yake juu ya Moyo wa Mtazamaji

Watu husema kwamba wamekwenda kutazama sinema. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba amekwenda kuisikiliza. Mazoea haya ya maneno yamewafanya hata wasomi waihesabu sinema kuwa sanaa ya jicho peke yake, na sikio likawekwa nyuma kama mpagazi abebaye mizigo ya wengine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mpagazi huyu mara nyingi ndiye aongozaye msafara. Tutaeleza kwa ufupi jinsi muziki ulivyoingia katika sinema, kazi uifanyayo humo, na jinsi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walivyoupokea. Mwisho tutakabili swali ambalo haliepukiki: ikiwa muziki waweza kutuliza machozi au kututia furaha bila ya kutuomba ruhusa, je, waweza pia kutufanya tulipende jambo ambalo akili zetu zingelichukia?

I. Sinema bubu haikuwa bubu

Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu picha zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Picha hizo hazikuwa na sauti, na sinema iliendelea hivyo kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Kwa sababu hiyo watu huiita sinema ya siku zile sinema bubu. Jina hili lapotosha. Picha zilikuwa bubu, lakini ukumbi haukuwa bubu. Katika kumbi ndogo aliketi mpiga piano mmoja chini ya kitambaa cha picha. Katika kumbi kubwa za miji ya Ulaya na Marekani iliketi okestra nzima.

Sababu za desturi hii zimeelezwa kwa namna mbalimbali. Wako wasemao kwamba muziki ulitakiwa ufunike mlio wa mashine. Hanns Eisler, mtunzi wa muziki aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alitoa sababu ya ndani zaidi katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Kwa maoni yake, mtu aonekanaye akitembea na kufumbua midomo bila ya kutoa sauti hufanana na mzuka, na muziki ulipigwa ili kuifukuza hofu iliyowaingia watazamaji gizani. Tukiyakubali maoni haya au tukiyakataa, jambo moja latubainikia: tangu mwanzo kabisa watu walihisi kwamba picha iendayo bila ya sauti yoyote ina upungufu wa uhai.

Mwanzoni mpiga piano alipiga alichokijua. Mara nyingine mazishi yalipita kwenye picha huku naye akipiga wimbo wa dansi, na watu wakacheka mahali pa kulia. Ili kuondoa aibu hiyo, kampuni ya Edison ya Marekani ilianza mwaka 1909 kuchapa mashauri juu ya muziki uzifaao picha zake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtunzi mashuhuri wa Ufaransa, Camille Saint-Saëns, alikuwa amekwisha kutunga muziki maalumu kwa filamu iliyosimulia kuuawa kwa Mtawala wa Guise. Lakini haikuwezekana kila filamu ipate Saint-Saëns wake. Basi vikatungwa vitabu vya akiba. Mjini Berlin Giuseppe Becce alianza kutoa mkusanyo wake mwaka 1919. Mjini New York Ernö Rapée akachapa wake mwaka 1924, nao uligawanya muziki kwa hali na mambo 52. Pembeni mwa kila ukurasa iliandikwa orodha, ili mpiga piano aweze kuruka upesi kutoka kwenye vita hadi kwenye mazishi, kutoka kwenye huzuni hadi kwenye harusi, bila ya mikono yake kusita.

Vitabu hivi vyastahili kufikiriwa kuliko vinavyofikiriwa kwa kawaida. Mtu aliyevitunga alishika imani kwamba hisia za binadamu zaweza kupangwa katika mafungu kama dawa katika kabati ya mganga, na kwamba kila fungu lina sauti yake. Sauti nzito za chini zilikuwa za hatari. Fidla peke yake ilikuwa ya mapenzi. Tarumbeta ilikuwa ya ushujaa. Mambo haya hayakutoka mbinguni. Mengi yalirithiwa katika opera na tamthilia za Ulaya za karne ya 19. Lakini kwa kurudiwa usiku baada ya usiku, katika maelfu ya kumbi, yalipata kuwa lugha, na watazamaji wakajifunza lugha hiyo bila ya kujua kwamba wako darasani.

II. Muziki kama hakimu

Kazi ya kwanza ya hatari ambayo lugha hii iliifanya ilionekana mapema. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa nchini Marekani filamu ndefu iitwayo The Birth of a Nation. Habari zake ni za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile na miaka iliyofuata baada ya watumwa kuachwa huru. Katika filamu hiyo Waamerika Weusi wameonyeshwa kuwa watu wa vurugu na tamaa, nao wapanda farasi wa Ku Klux Klan, waliovaa kanzu na kofia za kuficha nyuso, wameonyeshwa kuwa wakombozi. Joseph Carl Breil alipanga muziki wa okestra wa kupigwa pamoja na filamu hiyo. Wapanda farasi wale walipotoka mbio, okestra ilipiga muziki mashuhuri wa Richard Wagner wa mabinti wa vita wapandao farasi angani.

Na tufikiri lililotendeka ukumbini. Mtazamaji aliona watu waliojificha nyuso wakienda kuwashambulia wenzao. Lau angaliambiwa habari hiyo kwa maneno matupu, huenda angaliuliza: watu hawa ni nani, na haki hii wamepewa na nani? Lakini tarumbeta zilikuwa zimekwisha kujibu kabla ya swali kuzaliwa. Mwendo wa farasi na mwendo wa muziki uliungana, damu ikachemka, na watu wakapiga makofi. Chama cha kutetea haki za Waamerika Weusi kilipinga filamu hiyo katika miji mingi. Hata hivyo, mwaka ule ule wa 1915 Ku Klux Klan, iliyokuwa imekwisha kufa, ilifufuliwa katika jimbo la Georgia, na filamu ile ikawa chombo chake cha kuvutia wanachama kwa miaka mingi.

Hatusemi kwamba muziki peke yake ulileta msiba huo. Ubaguzi ulikuwako kabla ya Griffith kuzaliwa. Tunalosema ni kwamba muziki ulifanya kazi ya hakimu: ulitoa hukumu juu ya nani mwema na nani mwovu, na ulitoa hukumu hiyo mahali ambapo hapana wakili wa kuipinga. Neno la uongo laweza kujibiwa kwa neno la kweli. Mahadhi ya uongo hujibiwa kwa nini?

III. Sauti yaingia katika filamu yenyewe

Mwezi wa Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha The Jazz Singer, filamu ndefu iliyokuwa na nyimbo na baadhi ya mazungumzo yaliyonaswa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha. Mafanikio yake yaligeuza biashara yote. Katika miaka michache maelfu ya wanamuziki wa kumbi za sinema walipoteza kazi zao, kwani okestra moja iliyonaswa Hollywood iliweza kusikika katika kila mji wa dunia. Hivyo hatua iliyotukuza muziki wa filamu ndiyo iliyowanyima wapigaji wengi riziki yao.

Mwanzoni watengenezaji waliona haya kuweka muziki chini ya mazungumzo. Waliogopa kwamba mtazamaji angeuliza okestra imejificha wapi. Aliyeiondoa hofu hiyo kuliko wengine ni Max Steiner, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888. Muziki wake wa King Kong wa mwaka 1933 ni somo zuri. Baada ya utangulizi, sehemu ya kwanza ya filamu, iliyoko mjini New York, haina muziki. Pale ni mahali pa njaa na biashara, mahali tunapopajua. Muziki huanza wakati meli inapoingia katika ukungu karibu na kisiwa. Ndipo vinanda vya nyuzi vinapoanza kwa sauti ya chini, na mtazamaji huvuka mpaka kutoka katika dunia ya kawaida kwenda katika dunia ya ndoto. Jicho laona ukungu tu. Ni sikio lililojua kwamba mambo yamebadilika. Kisha Steiner hufanya jambo jingine gumu zaidi: humpa yule mnyama wa kutisha muziki wa huruma, hata anapokufa watu humsikitikia sokwe aliyetengenezwa kwa chuma, mpira na manyoya.

Katika Urusi ya Kisovyeti palifanywa jaribio la namna nyingine. Sergei Eisenstein na mtunzi Sergei Prokofiev walishirikiana katika Alexander Nevsky ya mwaka 1938. Mara nyingine Prokofiev alitunga baada ya kuona picha zilizokwisha kukatwa. Mara nyingine alitunga kwanza, na Eisenstein akakata picha zake zifuate muziki. Katika vita juu ya ziwa lililoganda, kungoja kwenyewe kumetungwa kama muziki. Hapo muziki si mtumishi tena, bali ni mshirika sawa.

Mfano wa tatu ni wa Bernard Herrmann katika Psycho ya Alfred Hitchcock, mwaka 1960. Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi tu, akaacha zumari, tarumbeta na ngoma. Hitchcock alikuwa ameazimia kwamba mauaji ndani ya bafu yasiwe na muziki. Herrmann alitunga hata hivyo, na mwelekezaji aliposikia akabadili shauri. Kelele zile kali za fidla zimejulikana dunia nzima. Lakini mwanafunzi wa jambo hili atafaidika zaidi kwa sehemu iliyotangulia. Mwanamke aliyeiba dola 40,000 anaendesha motokaa usiku katika mvua. Ukiziba masikio, huoni ila mtu anayeendesha gari. Ukiyazibua, wajua kwamba anaiendea hatari. Muziki hapa hausemi lililopo katika picha. Wasema lisiloonekana bado.

Na asiyeamini kwamba kimya nacho ni muziki, na aitazame The Birds, ambayo Hitchcock huyo huyo aliitoa mwaka 1963. Filamu hiyo haina okestra. Milio ya ndege ilitengenezwa kwa chombo cha umeme, na Herrmann mwenyewe alikuwa mshauri wa sauti. Mtazamaji hukaa akingoja mahadhi yamwambie lini aogope, nayo hayaji. Basi huogopa wakati wote.

IV. Kazi nne za muziki

Kutokana na mifano hii twaweza kutaja kazi nne. Kwanza, muziki huweka mahali na hali, kama ukungu wa Steiner. Pili, hutabiri, kama motokaa ya Psycho. Tatu, hukumbusha: mahadhi yaliyosikika wawili walipokutana yakirudi baada ya kufarikiana, huleta pamoja nayo siku zote zilizopita, na mwenye kuigiza hana haja ya kusema neno. Nne, huhukumu, kama tulivyoona katika habari ya Griffith.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha jambo hili kwa majaribio. Mwaka 1988 Sandra Marshall na Annabel Cohen walichapa habari za jaribio walilolifanya kwa filamu fupi ambayo ndani yake hamna watu, ila pembetatu mbili na duara moja zinazosogea. Watazamaji walioisikia pamoja na muziki tofauti walizipa pembetatu zile tabia tofauti. Ikiwa muziki waweza kuipa pembetatu tabia, basi uso wa binadamu utaponaje?

V. Bombay, Cairo na pwani yetu

Hata hapa tumezungumza kana kwamba sinema ni ya Ulaya na Marekani tu. Kwa watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam historia hii ina njia nyingine, nayo yapita Bombay na Cairo.

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ya Ardeshir Irani, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha yenye nyimbo karibu 70. Mwaka 1935, katika Dhoop Chhaon, watengenezaji wa Calcutta walianza kutumia waimbaji wasioonekana, ambao sauti zao zilinaswa kwanza na waigizaji wakafuata kwa midomo. Kutokana na hatua hiyo zikatokea sauti kama ya Lata Mangeshkar, aliyeishi tangu 1929 hata 2022, na ambayo ilitoka katika vinywa vya waigizaji wa vizazi kadhaa. Huko Misri nako, Mohamed Abdel Wahab aliimba katika filamu ya Waridi Jeupe ya mwaka 1933, na Umm Kulthum katika Widad ya mwaka 1936.

Mkosoaji wa Ulaya alipoona nyimbo zikikatiza hadithi, alisema kwamba Wahindi hawajui kusimulia. Alikosea, kwa sababu alipima kwa kipimo cha kwao. Elimu ya kale ya tamthilia ya Kihindi, iliyomo katika kitabu kinachoitwa Natya Shastra, haianzi kwa kuuliza nini kilitendeka, bali huuliza mtazamaji ameonja hisia gani. Inataja ladha nane za moyo: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, hofu, chukizo na mshangao, na baadaye ikaongezwa ya tisa, yaani utulivu. Kwa kipimo hicho, wimbo haukatizi hadithi. Ndipo hadithi inapofika.

Mswahili hakuhitaji kitabu hicho ili aelewe. Katika ngano zetu za jioni msimulizi hufika mahali ambapo binti aliyetelekezwa au ndege mwenye siri anaimba, na wasikilizaji huitikia. Wimbo huo ndio moyo wa ngano, na mara nyingi ndio unaokumbukwa na mtoto wakati maneno mengine yamesahauliwa. Basi katika miaka ya 1950 filamu kama Awaara ya Raj Kapoor (1951), yenye muziki wa Shankar na Jaikishan, na Mother India ya Mehboob Khan (1957), yenye muziki wa Naushad, zilipoonyeshwa katika miji ya pwani, ziliwakuta watazamaji waliokwisha kufundwa. Wengi wao hawakujua Kihindi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini hapa maana ilipitia mlango mwingine. Walijua mama anamlilia nani, na kijana asiye na kwao anajicheka kwa uchungu gani, kwa kuwa mahadhi yaliwaeleza.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Katika miaka ile ile Serikali ya Kiingereza ilikuwa na idara yake ya filamu za makoloni, iliyodumu tangu 1939 hata 1955. Kabla yake, baina ya 1935 na 1937, palifanyika jaribio la filamu za mafunzo huko Vugiri, Usambara, ambako zilitengenezwa filamu 35 zenye maelezo katika santuri, ili kila nchi isikie lugha yake. William Sellers, aliyeiongoza idara ile, alishika kwamba Mwafrika asiyezoea sinema, hasa wa kijijini, hawezi kufuata picha isipokuwa iende polepole, bila ya hila za ufundi, na mfafanuzi asimame kando akieleza. Hali katika kumbi za Unguja na Mombasa watu wasiopata kusoma walikuwa wakifuata filamu za saa tatu, katika lugha ya kigeni, zenye ndoto ndani ya hadithi na kumbukumbu ndani ya ndoto. Waliowapima watu hawa walipima macho yao, wakasahau masikio.

Tena hawakuridhika kusikiliza tu. Pwani ilikuwa na mazoea ya kale ya muziki wa kusafiri: Akhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alinasa nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Sasa mahadhi ya filamu yalichukuliwa na waimbaji wa taarabu, yakavishwa maneno ya Kiswahili, yakaimbwa harusini. Ustadh Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa uimbaji wa namna hii. Wako waliolalamika kwamba huku ni kuvaa nguo ya kuazima. Lawama hiyo ina sehemu ya haki, kwani mahadhi ya kuazima huweza kumvivisha mtunzi. Lakini na tuone pia kilichopatikana: shairi la Kiswahili, lenye vina na fumbo lake, liliingia katika mahadhi ambayo tayari yalibeba kumbukumbu ya uso, ya mvua, ya kuagana. Msikilizaji wa harusini alisikia mambo mawili kwa pamoja, maneno ya kwao na picha ya ukumbini.

VI. Televisheni na wajibu wa leo

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1994. Kwayo kazi ya muziki iliongezeka. Mtazamaji wa ukumbini amelipa, taa zimezimwa, hana pa kwenda. Mtazamaji wa nyumbani ana jiko, watoto na wageni. Kwa hiyo muziki wa televisheni kwanza ni mwito: mahadhi mafupi ya mwanzo wa kipindi humfikia aliye uani akiosha vyombo, naye huyatambua na kuja. Mahadhi ya taarifa ya habari humwambia, kabla ya neno la kwanza, kwamba yatakayosemwa ni mazito na ya kweli. Hapo ndipo pa kujihadhari, kwa kuwa uzito ni wa mahadhi, na ukweli haujathibitishwa.

Katika michezo mingi ya kuigiza ya kwetu leo muziki humwagwa tangu mwanzo hata mwisho, ukiyafunika mazungumzo, kana kwamba mtunzi haamini kwamba mtazamaji aweza kuhuzunika asipoamriwa. Hili ni kosa la kusahau somo la King Kong na la The Birds, kwamba muziki hupata nguvu kutokana na mahali usipokuwapo. Tunazo marimba, zumari, udi na ngoma za kila namna. Tunayo pia desturi ya ngano, ambayo humweka mwimbaji mahali pake na kumnyamazisha mahali pake. Urithi huo wamtosha mtunzi kuanzia.

Ama mtazamaji, wajibu wake ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza. Na achague sehemu iliyomchoma moyo, aitazame bila ya sauti, kisha aisikilize bila ya picha, ajiulize hisia ile ilitoka wapi. Na kila aonapo watu wawili wakipigana katika filamu, aulize ni yupi aliyepewa tarumbeta, na ni nani aliyempa. Watazamaji wa mwaka 1915 hawakuuliza hivyo, nao walipiga makofi.